Goti, Unyayo na Mzigo: Jinsi Mguu Unavyojipanga katika Miteremko ya Rungwe

Mji wa Tukuyu umekaa katika mwinuko wa karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na kaskazini yake Mlima Rungwe hupanda hadi kiasi cha mita 2,960. Mtu aendaye Kyela, karibu na Ziwa Nyasa, hushuka zaidi ya mita 1,000 kabla hajafika tambarare. Katika wilaya hii nyumba huwa juu na mto huwa chini, shamba la migomba au la chai huwa ubavuni mwa kilima, na mvua inyeshayo sehemu kubwa ya mwaka huigeuza njia kuwa tope. Kutembea hapa ni kupanda na kushuka, mara nyingi kukiwa na kitu kichwani.

Haishangazi basi kwamba goti ni miongoni mwa viungo vinavyolalamikiwa sana. Walalamikaji ni wa namna mbili. Wa kwanza ni watu wazima, wanawake wakiwa wengi, ambao goti huwauma washukapo kilima na hukakamaa waamkapo asubuhi. Wa pili ni wazazi walioletwa na wasiwasi juu ya mtoto mwenye matege, au mwenye magoti yanayogongana. Makundi haya hukutana katika jambo moja: wote huambiwa na jirani, na muuza viatu, pengine hata na mhudumu wa afya, kwamba chanzo kipo chini, yaani unyayo ni bapa, na kwamba kiatu maalumu au soli ya kuwekwa ndani ya kiatu italinyoosha goti. Familia hutoa fedha ya ada au ya mbolea kununua kiatu hicho. Uhusiano wa goti na unyayo upo, tena ni wa karibu. Lakini hauendi kwa njia ambayo muuza viatu anaisimulia.

Timazi ya mguu

Fundi mwashi hupima ukuta kwa timazi, na sisi tunaweza kuupima mguu vivyo hivyo. Tuchukue uzi wa kufikirika na kuuvuta kutoka katikati ya kiungo cha nyonga hadi katikati ya kifundo cha mguu. Katika mguu ulionyooka uzi huo hupita karibu na katikati ya goti, ukiegemea upande wa ndani kidogo. Kwa mwenye matege uzi huanguka ndani ya goti, na pengine nje kabisa ya mwili wa kiungo, katika ile nafasi iliyo wazi baina ya magoti mawili. Kwa mwenye magoti yanayogongana uzi huanguka upande wa nje.

Goti lina vyumba viwili vya kubebea mzigo, cha ndani na cha nje, na kila kimoja kimetandikwa gegedu juu na chini. Mtu angedhani kwamba mguu ulionyooka hugawa mzigo nusu kwa nusu. Sivyo ilivyo. Tunapotembea, kwa sehemu kubwa ya hatua tunasimama kwa mguu mmoja, na uzito wa mwili uko katikati ya kiwiliwili, yaani upande wa ndani wa goti lile linalobeba. Uzito huo huvuta goti lipinde kuelekea nje na hukandamiza chumba cha ndani. Kwa sababu hiyo, hata katika mguu wenye timazi nzuri, chumba cha ndani hubeba kati ya asilimia 60 na 70 ya mzigo wa hatua. Hapo ndipo gegedu huanza kulika kwa watu wengi, na hapo ndipo matege huongeza mzigo juu ya mzigo.

Mwaka 2001 Leena Sharma na wenzake wa Chicago walichapisha utafiti uliowafuatilia kwa miezi 18 watu ambao tayari walikuwa na ugonjwa wa kulika kwa gegedu la goti. Wenye matege walikuwa na uwezekano wa takribani mara nne zaidi wa ugonjwa kusonga mbele katika chumba cha ndani. Wenye magoti yanayogongana walikuwa na uwezekano wa karibu mara tano zaidi wa kuharibika chumba cha nje. Matokeo hayo yaliweka wazi jambo ambalo madaktari wa mifupa walilishuku kwa miaka mingi: mpangilio wa mguu si suala la sura tu. Na kuna mduara ndani yake, kwa kuwa gegedu linapopungua upande mmoja, mguu huinamia upande huo zaidi, uzi wa timazi husogea, na mzigo huongezeka palepale palipokwisha kulika. Bibi anayesema kwamba ujanani miguu yake ilikuwa imenyooka na sasa ina matege mara nyingi anasema kweli.

Unyayo unajibu

Unyayo una mifupa 26. Mifupa hiyo hujenga tao upande wa ndani, na chini ya kifundo cha mguu pana kiungo kingine ambacho watu wengi hawajui kama kipo, kazi yake ikiwa kuuruhusu unyayo ulale ndani au nje kadiri ardhi inavyotaka. Bila kiungo hicho mtu asingeweza kukatiza ubavuni mwa kilima.

Msomaji anaweza kujaribu sasa hivi. Asimame peku, nyayo zikitazama mbele, kisha alilaze tao la unyayo lishuke hadi sakafuni. Ataona pia za magoti zikigeuka na kutazamana. Mfupa wa muundi umezunguka kuelekea ndani kwa sababu unyayo umelala ndani. Kisha afanye kinyume: aache nyayo palepale na ayasukume magoti kuelekea nje. Ataona tao likiinuka lenyewe. Jaribio la kwanza linaonyesha unyayo ukiliongoza goti. La pili linaonyesha goti likiuongoza unyayo. Wanaouza viatu huonyesha la kwanza tu.

Tumchukue mtu mwenye matege. Mfupa wake wa muundi umeinama, na kama kiungo cha chini ya kifundo kisingekuwepo, angekanyaga kwa ukingo wa nje wa unyayo, kidole gumba kikining'inia. Hivyo unyayo hulala ndani ili kidole gumba kifike chini na mtu asimame imara. Anayemtazama huona unyayo bapa chini ya matege, na huhitimisha kwamba unyayo ndio ulioharibu goti. Kumbe unyayo ndio uliomwezesha asimame. Ikiwa kiungo hicho kimekakamaa, unyayo hushindwa kujibu, na mtu hutembea kwa ukingo wa nje kweli. Kwa mwenye magoti yanayogongana mambo ni tofauti kidogo: uzito humshukia upande wa ndani wa unyayo, tao hukandamizwa mwaka hadi mwaka, na ile kano itokayo nyuma ya muundi kulishikilia tao huchoka, ikaanza kuuma nyuma ya kifundo upande wa ndani. Huyu ana haki ya kupata msaada wa unyayo, kwa sababu unyayo wenyewe unaumia.

Je, unyayo bapa hauna dhambi yoyote kwa goti? Jibu linahitaji uangalifu. Katika utafiti mkubwa wa wazee wa Framingham, Marekani, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kwamba wenye nyayo bapa zaidi walikuwa na maumivu ya goti, na uharibifu wa gegedu katika chumba cha ndani, kwa kiasi kinachozidi cha wengine. Tofauti yenyewe ilikuwa ndogo. Tena utafiti wa aina hiyo ni kama picha ya siku moja: unawaona wawili wamesimama pamoja, lakini haumwoni aliyetangulia kufika.

Njia ya kuamua ni kuubadilisha unyayo na kutazama goti litafanya nini. Jambo hilo limefanywa mara nyingi kwa soli zenye kabari upande wa nje, ambazo kwa hesabu za maabara hupunguza mkandamizo wa chumba cha ndani. Mwaka 2013 majaribio hayo yalikusanywa na kuchambuliwa kwa pamoja. Soli za kabari zilipolinganishwa na soli za kawaida zisizo na kabari, hazikuwapunguzia wagonjwa maumivu kwa kiwango chenye maana. Mkandamizo hupungua kwa asilimia chache tu, na goti halinyooki hata kwa nyuzi moja. Kwa mgonjwa wa Kiwira au Masoko anayetakiwa kulipia soli hiyo, ushauri wangu ni kwamba fedha hiyo ibaki nyumbani.

Kuhusu viatu kwa jumla, maabara na mgonjwa wamepingana kwa namna ya kufurahisha. Utafiti wa Chicago wa mwaka 2006 ulionyesha kwamba kutembea peku hupunguza mkandamizo wa goti ukilinganisha na kutembea kwa viatu vya kawaida, na watu wakaanza kuvisifu viatu vyepesi vinavyokunjika. Kisha mwaka 2021 watafiti wa Melbourne, Australia, waliwagawa wagonjwa wa goti katika makundi mawili kwa miezi 6, na waliovaa viatu imara vinavyoushikilia unyayo wakapata nafuu kubwa kuliko waliovaa viatu vyepesi bapa. Mzigo mdogo katika mashine haukumaanisha maumivu madogo kwa mtu. Katika njia za Rungwe pana hoja nyingine inayozipita zote mbili, nayo ni utelezi. Ndala iliyolika soli katika tope la volkano humfanya mtu akaze misuli yote ya mguu kila hatua, na akiteleza goti hupinduka. Kiatu kinachofaa hapa ni kile kinachoshika ardhi, kisichochomoka kisiginoni na kisichobana vidole, hata kama ni raba ya mtumba.

Jambo dogo kwa wanaopenda kusoma maradhi katika soli za viatu: kulika kwa kisigino upande wa nje na nyuma ni kawaida kwa watu wengi, kwa kuwa hapo ndipo mguu hutua kwanza. Fundi viatu yeyote analijua hilo. Kinachostahili kutazamwa ni tofauti kati ya kiatu cha kulia na cha kushoto.

Kilo zilizo juu ya goti

Ikiwa unyayo una sehemu ndogo katika jambo hili, sehemu kubwa ni ya nani? Ni ya mzigo wenyewe, na misuli inayoupokea.

Watafiti wa Berlin waliweka vipimo ndani ya magoti ya bandia ya wagonjwa 5, na mwaka 2010 wakachapisha namba ambazo kila mhudumu wa afya wa nyanda za juu anafaa kuzijua. Kusimama kwa miguu miwili huweka katika kila goti mkandamizo unaokaribia uzito wa mwili mzima. Kutembea tambarare hufikia mara 2.6 ya uzito wa mwili, kupanda ngazi mara 3.2, na kushuka ngazi mara 3.5. Mkandamizo huu unauzidi uzito wa mtu kwa sababu misuli ya paja huvuta mfupa dhidi ya mfupa ili goti lisikunjike. Ngazi si mteremko wa Mwakaleli, lakini kazi ya misuli ya paja inafanana: kuuzuia mwili usidondoke.

Tufanye hesabu ya makadirio. Mama mwenye kilo 60 anayetembea tambarare mikono mitupu hupitisha katika goti kiasi cha kilo 157 kila hatua. Akishuka, kilo 208. Akijitwika mkungu wa ndizi wa kilo 20, na tukichukulia kwamba mkandamizo huongezeka kwa uwiano uleule, atapitisha kilo 209 tambarare na kilo 277 akishuka. Kwa maneno mengine, kilo 20 kichwani katika tambarare humgharimu goti sawasawa na kushuka bila kitu. Na mzigo na mteremko vikikutana, goti hulipa vyote viwili. Kilomita moja ni hatua zipatazo 1,400, yaani 700 kwa kila mguu.

Kujitwika kwenyewe nisingependa kukulaumu. Mwaka 1986 Geoffrey Maloiy wa Nairobi na wenzake walichapisha uchunguzi wa wanawake wa Kijaluo wanaobeba kichwani na wa Kikikuyu wanaobeba mgongoni kwa mkanda wa kwenye paji la uso. Iligundulika kwamba waliweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wao bila mwili kutumia nishati ya ziada, jambo ambalo vijana wa jeshini wenye mabegi ya mgongoni hawaliwezi. Mzigo wa kichwani unakaa juu ya timazi, na mwendo wa mbebaji ni laini. Lakini nishati ni jambo moja na gegedu ni jambo jingine. Pumzi inaweza isiongezeke huku goti likibeba kila kilo. Kwa mama mwenye goti linalouma, mzigo mmoja wa kilo 30 unafaa kuwa miwili ya kilo 15, na wa kushuka nao ubebwe na mwingine, au na bodaboda pale fedha inapopatikana. Wachuma chai hufanya vyema wakipeleka kapu mizani kabla halijajaa kabisa.

Uzito wa mwili huingia katika hesabu ileile. Stephen Messier na wenzake walionyesha mwaka 2005 kwamba kila kilo moja anayopunguza mtu mnene mwenye ugonjwa wa goti huliondolea goti takribani kilo nne kwa kila hatua. Hakuna soli ya kiatu inayokaribia hapo.

Watu wengi husema goti "limekauka mafuta." Usemi huo haufai kudharauliwa, kwa sababu ute wa goti upo kweli na hupungua ubora katika ugonjwa huu. Kasoro yake ni kwamba humfanya mgonjwa akae akingoja mafuta yarudi, au anunue vidonge vya kuyarudisha. Gegedu halina mishipa ya damu. Hulishwa na ute unaosukumwa ndani na nje yake kadiri goti linavyokandamizwa na kuachiwa, mithili ya sifongo, na goti linalolazwa siku nzima hukosa chakula. Mwenye maumivu anatakiwa kutembea, ila kwa mzigo unaostahimilika.

Na kutembea kunahitaji misuli. Msuli wa mbele ya paja ndio breki ya mteremko. Ukidhoofika, mguu hutua kwa kishindo. Mgonjwa akae juu ya kiti au kigoda kirefu, aunyooshe mguu mmoja, aushikilie ukiwa umenyooka huku akihesabu hadi 10, aushushe polepole, arudie mara 10 kwa kila mguu, asubuhi na jioni. Akizoea, ainuke kutoka kitini bila kutumia mikono. Wenye kudhoofika nyonga walale ubavu na kuinua mguu wa juu, kwa kuwa nyonga dhaifu huliacha goti lianguke ndani hata kama unyayo ni mzuri. Maumivu kidogo wakati wa zoezi si hatari. Yanayodumu hadi kesho yake ni ishara ya kupunguza. Nafuu huanza kuonekana baada ya wiki 6 hadi 8, na wengi huacha wiki ya pili. Hapa ndipo mhudumu wa afya ngazi ya jamii anapookoa tiba, kwa kumpitia mgonjwa nyumbani. Fimbo nayo ishikwe mkono wa upande usiouma. Wengi huishika upande unaouma na kuinyima kazi yake. Diklofenaki ya dukani isiwe chakula cha kila siku, hasa kwa wenye shinikizo la damu, vidonda vya tumbo au figo dhaifu.

Mtoto na miguu yake

Watoto wana sheria zao. Utafiti uliofanywa Finland na Salenius na Vankka, uliochapishwa mwaka 1975, ulionyesha safari ambayo karibu kila mguu huipita. Mtoto huzaliwa na matege. Miguu hunyooka kati ya miezi 18 na miaka 2. Kisha huvuka upande wa pili: afikapo miaka 3 hadi 4 magoti hugongana kiasi cha kumtisha mzazi. Afikapo miaka 7 hivi, miguu huwa imetulia katika mpangilio wa utu uzima. Unyayo nao huzaliwa bapa, una mafuta mengi na kano laini, na tao hujijenga taratibu hadi baada ya miaka 6. Kwa hiyo mtoto wa miaka 3 mwenye magoti yanayogongana juu ya nyayo bapa yuko katika umri wake.

Kwa sababu miguu hii hujinyoosha yenyewe, kiatu chochote atakachovishwa mtoto kitaonekana kimemponya. Mwaka 1989 matokeo ya jaribio la Marekani yalichapishwa, ambamo watoto wenye nyayo bapa waligawanywa kwa kura, wengine wakipewa viatu na soli za kurekebisha, wengine viatu vya kawaida. Baada ya miaka 3 nyayo zilikuwa zimeboreka katika makundi yote, na hapakuwa na tofauti. Kule India, Rao na Joseph waliwachunguza watoto 2,300 na kuripoti mwaka 1992 kwamba unyayo bapa ulipatikana kwa asilimia 8.6 ya wavaao viatu na asilimia 2.8 ya wasiovaa. Sisemi watoto wa Isongole watembee peku kwenye baridi, funza na minyoo; nasema kiatu chao kiwe laini, chenye nafasi ya vidole, na nyumbani waachwe wakimbie bila viatu.

Kumbeba mtoto mgongoni kwa kanga hakumpindi miguu. Kinyume chake, mkao ule wa miguu iliyopanuliwa hukiweka kichwa cha mfupa wa paja vizuri ndani ya nyonga, na madaktari wanaofanya kazi Malawi, ng'ambo ya Mto Songwe, wamehusisha desturi hiyo na uchache wa nyonga zilizochomoka kwa watoto wa huko.

Wapo hata hivyo watoto ambao kungoja kunawadhuru, na kuwatambua ndiyo kazi hasa ya zahanati. Kipimo ni futi ya fundi cherehani. Mtoto asimame, pia za magoti zikitazama mbele. Vifundo vikigusana, tupime pengo kati ya magoti. Magoti yakigusana, tupime pengo kati ya vifundo. Matege yanayoendelea baada ya miaka 2 na nusu, au pengo la magoti linalozidi sentimita 6, au pengo la vifundo linalozidi sentimita 8 baada ya miaka 7, yanahitaji daktari. Mguu mmoja kupinda kuliko mwenzake unahitaji daktari katika umri wowote. Vivyo hivyo pengo linaloongezeka kila baada ya miezi 3, kuchechemea, maumivu, au kimo kifupi kisicholingana na umri.

Nyuma ya dalili hizo huwa kuna maradhi matatu ya kukumbukwa. Ugonjwa wa Blount, uliopewa jina la Walter Blount aliyeueleza mwaka 1937, hudhoofisha tabaka la ukuaji juu ya mfupa wa muundi upande wa ndani, na huwapata zaidi watoto wenye asili ya Afrika, waliotembea mapema na wenye uzito mkubwa. Mama husifiwa kwamba mtoto ametembea akiwa na miezi 9, na miaka miwili baadaye mguu unapinda. Ukitambuliwa kabla ya miaka 4 tiba huwa nyepesi. Ukicheleweshwa, mtoto hukatwa na kuunganishwa mfupa mara kadhaa.

Riketsi ni la pili: mifupa laini, pamoja na uvimbe wa vifundo vya mikono na vinundu mbavuni. Jua pekee halitoshi kuizuia. Thacher na wenzake walionyesha Nigeria, mwaka 1999, kwamba watoto wengi wenye riketsi walikosa kalisi katika chakula, na kwamba kalisi iliwaponya kuliko vitamini D peke yake. Rungwe ni wilaya ya ng'ombe wa maziwa, na usipa wa Ziwa Nyasa, anayeliwa na mifupa yake, hupanda hadi masoko ya Tukuyu. Maziwa yote yakienda kuuzwa, hata hivyo, mtoto hubaki na ndizi na chai.

La tatu ni floridi iliyozidi katika maji, iliyopinda miguu ya watoto wengi katika miteremko ya Meru na maeneo mengine ya kaskazini mwa nchi, hasa pale magadi yalipotumika katika mapishi. Mtoto aliyehamia kutoka huko aulizwe maji aliyokunywa, na meno yake yatazamwe kama yana madoa ya kahawia.

Kumpokea na kumpeleka

Katika kuukagua unyayo, mhudumu hahitaji mashine. Kipimo cha mkao wa unyayo kilichochapishwa na Redmond na wenzake mwaka 2006 hutazama mambo sita kwa mgonjwa aliyesimama, kila moja likipewa alama kutoka kutoa 2 hadi kujumlisha 2: kwa mfano, kisigino kimelala upande gani kikitazamwa kutoka nyuma, tao likoje, na vidole vingapi vinaonekana upande wa nje. Jumla ya 0 hadi 5 ni kawaida, 6 na zaidi ni unyayo uliolala ndani, na chini ya 0 ni uliolala nje. Kisha mgonjwa asimame kwa vidole. Tao likitokea, unyayo ni laini na hauna haja ya tiba usipouma. Lisipotokea, au unyayo ukiwa mgumu, huenda mifupa imeungana au kano imekatika, na hapo rufaa ni ya lazima. Goti lenye joto na uvimbe pamoja na homa lisingoje hata usiku mmoja. Goti moja lililovimba kwa wiki nyingi lichunguzwe kifua kikuu.

Wanaohitaji upasuaji ni wachache, nao hupelekwa kutoka Tukuyu hadi Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, na wengine hadi Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam. Kwa mtoto anayekua, kibati kidogo hufungwa upande mmoja wa tabaka la ukuaji ili upande wa pili ukue na kuunyoosha mguu, kisha hutolewa. Kwa mtu mzima ambaye bado ana nguvu na ameharibika chumba kimoja tu, mfupa wa muundi unaweza kukatwa na kusogezwa ili uzi wa timazi uhamie kwenye gegedu zima. Kwa mzee aliyeharibika vyote, goti la bandia. Vifaa vya kushikilia mguu hutengenezwa na wataalamu ambao wengi wao wamefundishwa katika chuo cha TATCOT, Moshi, kilichoanzishwa mwaka 1981.

Eksirei ya mgonjwa wa aina hii ipigwe akiwa amesimama, ikiwezekana kutoka nyonga hadi kifundo. Iliyopigwa akiwa amelala huficha pengo la gegedu na mwinamo wa mguu. Barua ya rufaa ya mtoto iandikwe tarehe, mguu uliopinda, na pengo kwa sentimita katika kila hudhurio, kwa kuwa daktari atakayempokea Mbeya hana njia nyingine ya kujua kama miezi sita iliyopita pengo hilo lilikuwa sentimita 4 au 7.